Fundi cherehani wa Bungu na injini aliyoificha

Saa nne asubuhi, mlango umefungwa kwa komeo na dirisha limezibwa kwa gunia. Chumba kimeezekwa bati na joto lake halivumiliki, lakini Ismaily Habibu hataki kufungua. Ameinama juu ya meza, kibiriti mkononi, anasikiliza.

Nje inapita pikipiki. Anangoja mlio wake upotelee upande wa barabara ya lami, ndipo anawasha utambi.

Mezani ipo injini ndogo, haizidi shibiri moja na nusu. Haitumii petroli wala dizeli. Ina kikopo cha spiriti chenye utambi wa pamba, bomba fupi la chuma na gurudumu la cherehani ya mkono. Analipasha bomba moto kwa dakika tatu, analisukuma gurudumu kwa kidole, nalo linashika mwendo. Pwa, pwa, pwa, pwa.

Haiachi izunguke hata dakika moja. Anauzima moto, macho mlangoni.

"Umeusikia huo mlio?" anamuuliza mwandishi kwa sauti ya chini. "Huo ndio ulioniponza."

Ismaily ana miaka arobaini na sita. Ni fundi wa kutengeneza cherehani katika kitongoji kimoja karibu na Bungu, wilayani Kibiti, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Kwa wiki alikuwa akiletewa cherehani tano au sita. Tangu mwanzoni mwa mwaka huu, wiki mbili hupita asiletewe hata moja.

Wateja hawakumkimbia kwa ubaya wa kazi. Walimkimbia kwa woga, na woga wa hapa una mizizi. Iko miaka ambayo watu wa ukanda huu hawapendi kuitaja. Wanasema tu "wakati ule", na unayezungumza naye anageuka kutazama nyuma. Wakati ule bunduki zililia usiku, watu walifunga milango jua likiwa bado halijazama, na jirani alimwogopa jirani.

Kwa Ismaily, wakati ule una jina. Kaka yake, Talib, alitoka baada ya swala ya magharibi kwenda dukani kununua betri za tochi. Hakurudi.

"Mpaka leo hatujui yu hai au vipi," anasema. "Hata hitima hatujamsomea. Utamsomeaje hitima mtu ambaye hujui kama amekufa? Mama anasema tukisoma, tutakuwa tumemuua sisi."

Tangu siku hiyo Ismaily hufanya kazi mlango ukiwa umefungwa. Mwanzoni haikuwa tabu, maana cherehani haina siri. Tabu ilianza mteja mmoja alipomwonyesha video kwenye simu: mzee wa nchi ya mbali na kijiinjini kinachozungushwa na mwali wa moto tu.

"Nikasema, moto huu huu wa kuchemshia chai? Usingizi ukaniruka."

Hakuwa na mashine ya kukerezea vyuma, hivyo akajitengenezea moja juu ya miguu ya cherehani kuukuu. Anakanyaga kwa miguu, chuma kinazunguka. Bomba alilikata kwenye shokapu ya pikipiki iliyokufa. Pistoni aliichonga kwa shaba, akaisugua kwa dawa ya meno wiki tatu mpaka ikateleza bila kukwama. Kiziba tundu la bomba ni kipande cha wembe. Kazi yote ilimchukua miezi saba.

Anaeleza kwa vidole, na hapo tu ndipo uso wake unapokunjuka. "Pistoni ikirudi nyuma, inaufyonza ule mwali uingie kwa tundu. Wembe unaziba. Hewa ya moto ikipoa humo ndani inasinyaa, basi hewa ya nje inaisukuma pistoni. Moto hausukumi kitu. Kinachosukuma ni hewa hii tunayovuta mie na wewe."

Majirani hawakuambiwa hayo. Walichokijua ni kwamba fundi anakata mabomba, anatoboa vyuma, dirisha lina gunia, na ndani mnasikika mlio. Ukijumlisha hayo, mtu wa Kibiti hapati injini ya kuchezea. Anapata bunduki.

Aliyekwenda kusema kwa mwenyekiti wa kitongoji ni Shamsia, mshonaji na mama wa watoto wanne, ambaye ukuta wake umetenganishwa na wa fundi kwa mchaichai tu. Hafichi. "Nilienda mwenyewe, kwa miguu yangu," anasema. "Usiku nikisikia pwa pwa, nnawakumbatia wanangu. Ningekaa kimya, halafu likatokea la kutokea?"

Mwenyekiti, mzee Hemedy, alikuja siku ya Ijumaa baada ya swala, na wanaume sita nyuma yake. Hakuingia ndani. Alisema maneno machache tu: "Ismaily, Jumapili saa tatu, kilete kitu chako barazani kwangu. Ukiwashe watu waone. Kisipowaka, mie nitakikabidhi mbele, polisi, na wewe nacho."

Siku mbili hizo Ismaily alifikiri kukimbilia Nyamwage kwa shemeji yake, akakumbuka kwamba anayekimbia amekwisha kujihukumu. Alifikiri kuitupa injini chooni, mkewe, Waride, akamkatalia. "Ukiitupa, baba Yasmin, utawaonyesha nini?"

Jumapili, baraza la mwenyekiti lilijaa mpaka uani. Ismaily aliiweka injini juu ya kinu kilichopinduliwa, akawasha utambi, akasukuma gurudumu. Likazunguka mara mbili, likasimama. Akasukuma tena. Likasimama.

"Nilisikia mtu nyuma anasema, 'Mmeona?'" anakumbuka. "Nikamwona Talib. Nikasema leo mama anapoteza wa pili."

Alisukuma mara kumi na moja. Anajua idadi kwa sababu Waride alikuwa akihesabu, na katika mara ya kumi na moja Waride akapiga ukelele. "Mie ndiye niliyeiua! Nimeitia mafuta!"

Asubuhi ile, mumewe akiwa anatawadha, Waride alichukua kopo la mafuta ya cherehani akaipaka injini ndani na nje. Miaka ishirini ameishi na fundi, na miaka ishirini amesikia neno moja: mashine isipozunguka, itie mafuta. Alitaka itoke mbele ya watu inang'aa, izunguke vizuri.

Lakini hii ndiyo mashine pekee ya nyumba ile isiyotaka mafuta. Ina nguvu ndogo mno. Tone moja likiganda kwenye pistoni, inakosa pumzi. Ismaily huipaka unga mweusi wa penseli, basi.

Hapakuwa na njia ila kuifungua palepale. Akazima moto, akaomba bisibisi. Akatoa gurudumu, akampa mwenyekiti alishike. Akatoa pistoni, ikapita mkono kwa mkono. Akatoa bomba, na bomba likamfikia Shamsia.

Shamsia aliligeuza, akachungulia. Upande mmoja limezibwa, na penye kizibo pana katundu ambamo kidole kidogo hakipiti. Akalichungulia tena. Watu wakamngoja.

"Humu hamtoki risasi," alisema.

Ismaily alifuta kila kipande kwa spiriti na upindo wa kanga ya mkewe. Mtoto akakimbilia penseli ya shule. Akaiunga upya, akawasha, na safari hii akalazimisha mikono yake ingoje mpaka bomba lishike moto. Ikazunguka. Watu wakarudi nyuma hatua moja, wote pamoja, kisha mtu akacheka.

"Isingegoma, ningeiwasha nikaenda zangu," anasema Ismaily. "Wangebaki wanajiuliza ndani mna nini. Mafuta ya mama Yasmin ndiyo yaliyoniokoa, ingawa siku ile nilitamani ardhi inimeze."

Hayo yamepita wiki tatu. Mzee Hemedy anasema kwake jambo limekwisha. Ila cherehani hazijarudi, na komeo bado limefungwa. Mwandishi aliuliza kwa nini.

"Nnaogopa," alisema Ismaily. "Zamani nilikuwa nawaogopa wa nje. Sasa nnaogopa wanavyoniogopa."

Mpango wake ni kuitoa meza nje, barazani kwake, baada ya Ramadhani, na kutengeneza injini ya pili, kubwa kidogo, izungushe feni ya kumpepea mama yake. Anautaja mpango huo huku akitazama gunia la dirishani.

Mlango unagongwa. Anashtuka, mkono unaivuta kanga kuifunika injini. Sauti ya mwanamke inapiga hodi mara ya pili. Anaishika ile kanga, anaitazama, kisha anaiweka chini na kwenda kufungua komeo.

Ni Shamsia, jasho likimtiririka, kichwa cha cherehani begani. "Inaruka mishono, fundi," anasema, na kukitua mezani kando ya injini. Anaitazama injini bila kuisogelea. Ismaily anarudi mlangoni kufunga, kwa mazoea.

"Uache wazi," anasema Shamsia. "Mie ukifungwa ndio nnaogopa."

Ismaily anasimama na komeo mkononi. Kisha analitundika msumarini, anavuta kigoda na kuanza kufungua cherehani, uso ukielekea njiani.