Doa kwenye Saa ya Keziah

Mume wangu Ambrose ni fundi wa nakshi za kioo hapa Clerkenwell, na Mungu anisamehe, kuna siku natamani ningeolewa na muuza samaki. Mtaani kwetu kila mtu hutengeneza kipande chake cha saa: huyu springi, yule mishale. Ambrose hupaka unga wa kioo wa rangi kwenye vifuniko vya dhahabu, kisha huvitia tanuruni viyeyuke ving'ae. Saa zake zimo mifukoni mwa mabwana wakubwa wa Uingereza nzima. Nyumbani kwetu hakuna hata moja.

Basi Keziah, binti yetu wa pekee, alipoolewa na seremala anayehamia Amerika, Ambrose akaapa kumpa saa. Tulijua hatutamwona tena. Mafundi wenzake wakamtengenezea mashine ya ndani. Ikabaki kazi yake yeye, maua ya njegere juu ya buluu.

Alhamisi asubuhi gari la farasi limeshasimama mlangoni, kifuniko kiko tayari, kinapendeza hadi nikalia. Yeye anakigeuzageuza dirishani.

"Kuna doa hapa."

"Liko wapi? Mbona mimi silioni?"

"Kwenye ua la pembeni. Nakirudisha motoni mara moja tu."

"We mzee, una wazimu? Mtoto anaondoka!"

"Aende nalo Amerika wanicheke?"

"Nani wa kukucheka huko, dubu wa porini?"

Akakitia. Na kikishaingia, fundi habanduki. Rangi ya waridi ya yale maua huungua ukipepesa jicho, na kikitoka lazima kipoe polepole pale pale mdomoni mwa tanuru, la sivyo kioo kinapasuka. Keziah akaingia na kofia yake ya safari.

"Baba, mwenye gari anapiga kelele. Meli haitungoji."

"Usinisemeshe, mwanangu. Kidogo tu."

"Baba, niangalie basi."

"Kidogo tu, nimesema!" Hata shingo hakugeuza.

Akambusu mgongoni, juu ya shati lililolowa jasho, akatoka. Nilimsindikiza hadi kona nimefura kwa hasira, hata kumuaga sikumuaga vizuri.

Niliporudi, Ambrose alikuwa amesimama katikati ya chumba, kifuniko kiganjani, meno yote nje.

"Limetoka! Mwite aje aone."

"Mwite wewe," nikamwambia.

Akatoka mbio na aproni yake hadi barabarani, akaita jina la binti yake, akaita tena. Majirani wakachungulia madirishani. Nilimwonea huruma, kweli, lakini zaidi nilitaka kumzaba kibao.