Sashe za Madamu Georgette

Madamu Georgette wa darasa la nne si mtu wa kutupa kitu. Chaki yake huiandikia mpaka inakuwa ndogo kuliko punje ya mahindi, halafu anaisukuma kwa kucha, na ubao unalia mpaka sisi wa chumba cha pili tunasaga meno. Karatasi za mitihani ya mwaka jana anazigeuza upande wa pili zifanyiwe hesabu za mwaka huu. Hata kuta za darasa lake alizipaka rangi mwenyewe wakati wa likizo, kwa bluu iliyobaki pale kaka yake alipomaliza kupaka mitumbwi yake, na kwa sababu rangi haikutosha, ukuta wa nyuma ni kijani. Akikuuliza kama unaupenda ukuta huo, jibu ni ndiyo. Mimi niliwahi kusita kidogo, na aliacha kunisalimia mpaka Ijumaa.

Nafundisha darasa la tano, ukuta mmoja na yeye, katika shule ndogo ya mtaa wa Mulongwe. Nasema haya ili ujue kwamba ninayoyasimulia sikuyasikia sokoni.

Taabu ya chumba chake ni mfereji. Unashuka kutoka nyumba za juu, unapita nyuma kabisa ya ule ukuta wa kijani, unaingia chini ya daraja dogo la saruji, kisha unakwenda kumwaga mtoni. Msimu wa mvua uliopita daraja lile lilizibwa na taka, maji yakakosa njia, yakaingia darasani na kuketi kwenye mabenchi kama wanafunzi wapya. Watoto wakahamishiwa kanisani, pamoja na darasa la tatu ambalo wakati huo lilikuwa likiimba jedwali la kuzidisha kuanzia asubuhi. Georgette alifundisha kwa kunong'ona kwa majuma mengi. Aliporudi chumbani kwake, mkurugenzi wa shule alimwambia bila kuzunguka: maji yakiingia tena, chumba kitakuwa stoo ya mabenchi mabovu, na darasa la nne litagawanywa, nusu kwa wengine na nusu kwangu.

Nilihesabu vichwa nilivyokuwa navyo tayari, nikamwombea Georgette kwa moyo wangu wote.

Shule zilipofunguliwa mwezi wa tisa, akaja na sheria. Kule kwetu sashe, kimfuko cha plastiki, ndiyo nguo ya kila kitu: maandazi yanavaa sashe, karanga zinavaa sashe, maji ya kunywa yanakuja ndani ya sashe. Basi Georgette akaamuru kwamba kila mtoto aandike jina lake kwa kalamu ya biki juu ya kila sashe aliyoingia nayo, na jioni arudi nayo nyumbani. Atakayeacha yake uwanjani atajulikana. Na kwa kuwa ni mtu wa haki, naye akaandika GEORGETTE kwa herufi kubwa juu ya zake, kwa maana anapenda maandazi kupita hao watoto.

Sitamnyima sifa. Uwanja uling'aa. Hata mimi nilianza kuangalia nyuma yangu kabla ya kudondosha ganda la karanga. Jioni alikuwa akitembea uwanjani mikono nyuma, kidevu juu, kama gavana anayekagua mji, na mkurugenzi alimsifu mbele yetu kwenye kikao. Siku hiyo alitusalimia sote, hata mimi.

Kisha ikanyesha mvua ya kwanza. Haikuwa mvua ya kutisha, mvua tu ya kujaribu mabati. Asubuhi tukasikia harufu nyuma ya ukuta wa kijani. Georgette akatoka na watoto wake, nami nikatoka kwa sababu siwezi kukaa mambo yakinipita. Mdomo wa daraja ulikuwa umejaa sashe. Mtoto mmoja akazivuta kwa fimbo, nazo zikatoka moja moja, zimeloa, na biki haikufutika. Tuyishime. Arakaza. Naomie. Ornella. Ornella tena.

"Ornella," Georgette akasema, na sauti ile naijua, hupita ukutani bila kubisha hodi. "Si nilisema kila muntu abebe yake mpaka nyumbani?"

"Nilibeba, Madamu," Ornella akajibu. Ni mtoto wa kusema wazi, mdomo wake hauna breki. "Nilipatia mama. Mama akatupa mu mufereji. Kule juu bote banatupaka mule."

"Na weye, Tuyishime?"

"Minye pia, Madamu. Iko mufereji moja."

Hapo ndipo sote tulipoelewa, Georgette wa kwanza. Watoto walikuwa wametii vizuri sana. Walibeba taka zao, wakapanda nazo mlima mpaka nyumbani, na nyumbani zikatupwa kwenye mfereji uleule ambao unashuka mpaka shuleni. Georgette alikuwa amezipandisha tu juu ili maji yazishushe. Nilitaka kucheka. Nilijizuia, na naomba nipewe heshima kwa hilo.

Fimbo ikavuta sashe nyingine. Mtoto aliyeishika akaitazama, akamtazama mwalimu wake. Iliandikwa GEORGETTE.

Hakuna mtu pale asiyejua ni nani anayemwaga kikapu cha taka nyumbani kwake. Ni mume wake, Ezéchiel, fundi cherehani na kiongozi wa kwaya ya kanisa letu, mtu msafi kuliko wote ninaowajua, anayezunguka dimbwi la maji kama mwingine anavyozunguka nyoka. Kila asubuhi hubeba kikapu kwa vidole viwili, mkono umenyooka mbali na suti, anakimwaga nyuma ya nyumba, anarudi akijipangusa. Mtaa mzima unamsifu kwa kumsaidia mke wake. Georgette angeweza kusema neno moja tu, na watoto wangecheka, na mambo yangeishia hapo.

"Hii iko yangu," akasema. "Ni minye. Nilibeba mpaka nyumbani, halafu sikuuliza tena inakwenda wapi. Basi minye na nyinye tuko sawa. Twende ndani tufikiri."

Nilimwonea huruma, nasema kweli, na nilimheshimu pia, ingawa siku hiyo sikumwambia.

Wakafikiri. Kupitia ukutani nilisikia yote. Gari la kuzoa taka halipandi mtaani kwetu, kwa hiyo kila mpango wa kutupa ulirudi kwenye swali moja la Georgette: "Na toka pale, inakwenda wapi?" Mwishoni mtoto mmoja akasema basi heri sashe zisije kabisa, na hilo halikupata mpinzani.

Kesho yake walikwenda kwa Mama Bénédicte, anayeuza maandazi langoni, kila mmoja na chombo chake. Ilikuwa iwe sahani ndogo. Wengine walileta mabakuli, na kijana mmoja alileta beseni ya kuogea. Mama Bénédicte akaweka maandazi mawili katikati ya beseni ile, yakapotea, akamwuliza kama anategemea yatazaa. Lakini alipoona jioni kwamba fungu lake la sashe halikupungua, yeye mwenyewe akaanza kuwafukuza wasio na chombo, hata mkurugenzi. Maji wakaleta kwa chupa kutoka nyumbani, ileile kila siku. Maganda ya ndizi yakaenda kwa mbuzi wa mlinzi, ambaye tangu hapo hushinda mlangoni kwa darasa la nne na anajua kengele kuliko baadhi ya wanafunzi wangu.

Sashe zilizobaki ndizo zilizoleta vita. Wasichana walitaka kuzijaza udongo na kupanda mbegu za mapapai. Wavulana walitaka kutengenezea mipira. Georgette akasimama katikati, akaamua: sashe nene za maji ziende kwa mapapai, zile nyembamba ziende kwa mpira. Wavulana wakakubali upesi, na kuanzia hapo kila sashe nene iliyookotwa ilikuwa, kwa macho yao, nyembamba.

Nyumbani mambo hayakwenda hivyo. Georgette alimwomba mume wake asimwage tena kikapu mferejini, akamweleza sababu ni darasa lake. Ezéchiel alicheka. "Mama Fiston, mvua ya Mungu ndiyo inabeba," alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Sashe moja ya maandazi itazamisha shule?" Najua kwa sababu yeye mwenyewe alinisimulia kama kichekesho, nilipokuwa nimekaa kwenye kibanda chake nikisubiri suruali yangu ipunguzwe. Hapohapo akaingia Ornella kuomba vipande vya vitambaa vya kujazia mpira.

"Chukua pale chini," Ezéchiel akasema. "Mwalimu wako hajambo?"

"Hajambo. Siku ile ya mufereji tulimwonea huruma." Ornella alikuwa akikusanya vitambaa kwa magoti. "Sashe yake ilitoka na jina yake. Akasema iko yake. Akasema ni yeye alifanya vibaya."

"Alisema ni yeye?"

"Ndiyo. Hakutaja muntu mwengine." Akainuka, akamtazama usoni bila haya. "Lakini sisi tunajua, Baba Fiston. Tunakuonaka na kikapu."

Ezéchiel aliweka mkasi chini. Ornella akaaga, akaenda. Fundi akaishika suruali yangu muda mrefu bila kuishona, na nilipoichukua jioni mguu mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwingine. Sikulalamika. Kikapu nacho hakikuonekana tena nyuma ya nyumba.

Mvua kubwa ilikuja Jumapili, alfajiri, na tulipofika kanisani ilikuwa haijachoka. Kwaya ilisimama bila kiongozi wake. Wakasubiri, wakaanza wimbo kwa sauti mbili tofauti, wakaendelea hivyo kwa ukaidi. Georgette hakuwasikia. Alikuwa akisikiliza mabati. Mchungaji alipofungua Biblia, yeye alikuwa ameshafika mlangoni, mwanamke ambaye hajawahi kutoka katikati ya mahubiri hata alipokuwa na uchungu wa kujifungua. Nikamfuata. Si kwa ushujaa, ni kwamba mwavuli niliokuwa nao ulikuwa wake.

Tulipozunguka darasa tukamkuta Ezéchiel ndani ya mfereji. Maji yalimfika mapajani. Alikuwa na suti yake ya kwaya, tai bado shingoni, na mikono yote miwili imekumbatia godoro kuukuu lililotaka kuingia chini ya daraja, godoro ambalo hakuna mtoto wa darasa la nne aliyewahi kuja nalo shuleni. Pembeni, juu ya ukingo, kulikuwa na lundo la vitu alivyokwisha kutoa: matawi, makopo, kiatu, sashe bila majina. Nikashuka nikamsaidia, na kwa pamoja tukalipandisha godoro. Maji yakapita chini ya daraja kwa kishindo.

Georgette alitupita. Alifungua darasa, akaingia, akachuchumaa, akapitisha kiganja juu ya sakafu mpaka kwenye ukuta wa kijani. Ilikuwa kavu. Akakaa kwenye benchi la mbele na kulia, kwa sauti, bila kujificha.

Ezéchiel akapanda kutoka mferejini, akaja mlangoni akitiririka tope, akainua mguu ili aingie.

"Weye, simama pale," Georgette akasema, bado analia. "Usikanyage darasa yangu na miguu kama hiyo."

Akasimama. Mvua ilikuwa ikimpiga mgongoni na alikuwa akitetemeka, na mimi nilianza kutafuta la kusema kwa niaba yake. Lakini Georgette alikuwa ameshainuka. Akavua kitambaa chake cha kichwa, kile cha Jumapili, akapiga magoti kizingitini, akamvua viatu. Akampangusa mguu wa kwanza, polepole, mpaka katikati ya vidole. Kisha wa pili.

"Sasa ingia, Baba Fiston," akasema.