Wembe wa Mama

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kwa ubaridi wa wembe kichwani. Umeniandikia kwamba huko mjini mnalala wanne chumba kimoja, hakuna anayejua lugha yako, na kila jioni unaona heri urudi. Sikucheki. Mimi bibi yako nilikuwa hivyo hivyo, na vibaya zaidi.

Nilikuwa msichana. Ilikuwa miaka ile Warundi walipokuwa wanavuka mpaka kwa makundi, mikeka kichwani na watoto mgongoni. Baba alikuwa ameshafariki, na mama yangu, Anastazia, aliumia mgongo hata jembe likamshinda. Nikapatiwa kazi Biharamulo ya kufua mashuka ya hospitali. Chumvi na sabuni ya nyumba yetu kule Mugoma, Ngara, vilitoka kwenye kazi hiyo, basi usidhani nilikwenda kutembea. Asubuhi ya kuondoka mama alinifungia furushi: kanga mbili, rozari, na wembe ndani ya karatasi, maana yeye ndiye aliyekuwa ananinyoa tangu utoto.

Wafuaji tulipewa nyumba moja, vitanda vinne. Mkubwa wetu alikuwa Tereza, Msubi wa Nyarubungo, mtu wa maneno machache. Alikuwepo Kabula, Msukuma aliyehamia na wazazi wake kutoka Shinyanga. Huyo alikuwa na mdomo. Na Verdiana, Mzinza, mpole, hata akiudhika alikuwa anaimba. Nyumba ile ilikuwa na utaratibu wake: chungu kimoja, kupika kwa zamu, na nyuma ya nyumba bustani ya maharage iliyolimwa na wote kwa jembe moja.

Mimi nikajitenga. Nilisema ugali wa udaga, muhogo uliovundikwa, haupiti kooni, nikawa nakula viazi vyangu peke yangu kizingitini, nimewapa mgongo. Zamu yangu ikifika, kichwa kinauma. Jembe sikulishika, nilime bustani ya nini, nami nangoja kuondoka? Furushi nililiacha limefungwa chini ya kitanda. Nywele zikaota zikafanya mafundo, kwa sababu nilijiapia kwamba mkono usio wa mama hautanigusa kichwa.

Kabula akasema, “Mhangaza huyu anangoja ndizi zimfuate kwa miguu kutoka Ngara.”

Wenzake wakacheka. Utani ni mlango, mwanangu. Anayekutania amekufungulia, uingie. Mimi niliusikia kama tusi.

Warundi walioletwa Biharamulo walikuwa wamewekwa kwenye uwanja wa shule, chini ya maturubai, wakingoja malori ya kuwapeleka mbele huko kwenye makazi. Nilikuwa napita na beseni, nikamsikia mwanamke anamwita mwanawe aje anawe, kwa maneno yale yale, na sauti ile ile ya kuvuta mwishoni, aliyokuwa ananiitia mama. Kirundi na Kihangaza ni ndugu wa tumbo moja. Nikaingia uwanjani na beseni langu bila kujua nimefuata nini.

Hapo, chini ya turubai la pili, nikamjua Bibi Ngendakumana. Mwembamba, kitambaa kichwani wakati wote. Alikuwa amefiwa na watoto watatu: Yohana, Sabina, na mdogo wao Melkiori. Aliwataja mara moja tu. Tangu siku hiyo nikitoka kazini nakwenda kwake, nakaa chini, nalia, naye ananishika mkono. Hakuniuliza kitu. Chakula kikigawiwa, uji wake ananipunguzia nusu, nami napokea. Nilipokea, mwanangu. Wiki tatu.

Ijumaa moja Tereza aliniita. Hakupandisha sauti. “Mdogo wangu, Jumapili zamu ni yako. Usipopika, kitanda hiki atapewa mwingine, na kazi inakwenda na kitanda.”

Nikasema moyoni, afadhali. Jumatatu kulikuwa na lori la Ngara. Nilimwona mama akinipokea mlangoni. Sikumwona akizunguka kwa majirani kuomba chumvi. Ujana una macho, ila huona nusu.

Jumamosi nikaenda kumuaga bibi. Kabla sijasema neno, alinitazama nywele zile akatikisa kichwa.

“Mwanangu, leo nitajie jina lake tumwombee.”

“Jina la nani, bibi?”

“La marehemu wako.”

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto mdogo. Kwao kama kwetu, aliyefiwa hanyoi, hashiki jembe, hali chungu kimoja na watu, anakaa chini mpaka siku ya kuanua matanga. Ndipo mzee anamnyoa arudi kwenye kazi za walio hai. Alikuwa ameniona mfiwa tangu siku ya kwanza. Uji ule wote alinigawia kwa ajili ya msiba wangu.

“Sijafiwa, bibi. Nimepakumbuka nyumbani tu.”

“Mama yako?”

“Yupo.”

“Nyumba imechomwa?”

“Haijachomwa.”

“Na njia?”

“Lori, siku moja.”

Akautoa mkono wake mkononi mwangu. Hilo sijalisahau. Akasema, bila ukali, kwa uchovu tu, “Basi unamkalia mama yako matanga, naye huko anapika. Huo ni uchuro. Nenda kalete wembe.”

Wembe ulikuwa chini kabisa ya furushi. Ilibidi nitoe vitu vyote nivipange kitandani, kanga, rozari, na kwa mara ya kwanza kitanda kile kikaonekana kina mwenyewe. Bibi akaninyoa pale uwanjani, mchana, kwa maji ya sabuni. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa mama, na jambo hilo liliniliza upya. Alipomaliza akaupangusa wembe kwenye nguo yake akanirudishia. “Umetoka matanga. Nenda ukale na wenzio.”

Kabula alipoona kichwa kinang'aa, akauliza kama nimeuza nywele nikanunua akili. Nikacheka. Kicheko changu cha kwanza katika nyumba ile. Jumapili nikapika ndizi na maharage, maharage ya bustani ambayo sikuilima, na chumvi nikaizidisha. Wakala wote. Kabula akasema kumbe ndizi zilikuwa njiani, zilikuwa zinakuja polepole. Tereza alinikabidhi jembe.

Jumatatu nikapika uji wa kutosha watu wawili nikaupeleka uwanjani. Malori yalikuwa yameshapita. Palibaki mashimo ya vigingi na majivu. Nikasimama na bakuli langu, ndipo nikakikumbuka kitambaa cha bibi, ambacho hakukifungua hata siku moja mbele yangu. Msiba wenyewe, nywele zisizonyolewa, ulikuwa chini ya kitambaa kile. Wembe ulikuwa kati yetu, nami nina mikono miwili mizima, na sikumuuliza, na wewe, bibi, nani atakunyoa?

Nimezeeka na swali hilo. Nikisali nawataja Yohana, Sabina, Melkiori, halafu yeye.

Sasa nisikilize. Kupakumbuka nyumbani hakuishi, usingoje kuishe ndipo uanze kuishi. Kwangu hakukuisha, nilikaa Biharamulo miaka sita, na kila nikinusa maharage yakichemka nilirudi Mugoma. Lakini nyumba iliyosimama haikaliwi matanga. Fungua begi lako, panga nguo zako. Pika zamu yako hata ukiharibu. Utani wao ucheke, nawe uwatanie. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, na hao watatu ndio jirani zako. Kisha watazame vizuri. Huenda katika chumba hicho yupo mwenye msiba wa kweli, anayekubembeleza wewe kila jioni na hakuna amuulizaye. Muulize. Mimi nilichelewa siku mbili.

Mwenyezi akulaze salama kati ya watu usiozaliwa nao. Chungu chenu kisikauke, na mkono wako uwe mwepesi kwa mwenzio kama ule ulioninyoa mimi. Nyumba ipo, mwanangu. Njia ipo. Nami bado napika.