Saluni ya Mama, Point

Nikisikia harufu ya dawa ya kulainisha nywele, mimi mtu wa ndani kama kabati, nisiyetoka ovyo, hasira hunipanda.

Mama alikuwa anampaka mteja dawa sebuleni kwetu, mtaa wa Point, ugenini, nami nawasomea kitabu cha Wamarekani weusi wakisimulia utumwa wao, natafsiri papo hapo. Nilikuwa nimefika kwa yule mtumwa aliyekamatwa njiani bila karatasi ya bwana wake, polisi akaingia, mweusi kama sisi, akamdai mama karatasi za kuishi nchini kwao. Nasi hatukuwa hata njiani; tulikuwa nyumbani.

"Kaka, si juzi tu Wazungu walikuwa wakiwakamata nyinyi kwa karatasi hizi hizi?" mteja akamchokoza kwa Kiingereza.

Polisi akamshika mama mkono.

"Ngoja nimsuuze, dawa itamuunguza," mama akamwomba.

Hakungoja.

"Redio yangu," mama akaniambia, "sasa soma kwa Kiingereza, kaka naye asikie."

Nikawafuata hadi nje nikisoma kwa kelele. Polisi akamwingiza mama garini, akafunga mlango nikiwa katikati ya sentensi.