Makala Yaliyomwagiwa Maji

Ndugu zetu wa Kinshasa wakishuka uwanja wa ndege wa Luano mwezi wa sita na vishati vyao vyepesi, tunawacheka kwanza, halafu tunawaazima makoti. Baridi ya Lubumbashi haina utani. Upepo unaingia chini ya mlango, midomo inapasuka, na mtu mzima anaogopa kuoga. Mimi naichukia tangu utotoni. Kitu kimoja tu kinanipatanisha nayo: maharagi ya mama yangu, yaliyochemka na mifupa ya ng'ombe toka asubuhi, mchuzi mzito wa mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, na pilipili. Unachovya bukari ya moto, ugali wetu, humo mpaka pua inatoka kamasi.

Lakini tuliyala nje. Majirani zetu wa Kasungami, jioni ikifika, waliingiza mbabula chumbani, lile jiko la bati la makala, yaani mkaa, wakala wamejibana karibu na moto. Sisi tulikaa uani kwenye upepo, tumejifunika mablanketi, sahani magotini. Tulinung'unika, wapi! Mama hakubali. Na akishaepua sufuria, alichukua ndoo akamwaga maji juu ya makala, bado mekundu, mpaka yakazima yote. Jirani mmoja alimwambia anatupa mali. Mama alimalizia maji ya ndoo. Alingoja moshi uishe, akayagusa kwa kidole kuhakikisha yamepoa.

Sababu aliniambia mara moja tu, siku chache kabla sijaolewa, tukichambua maharagi. Alipokuwa msichana, wazazi wake walikwenda kilioni, wakamwachia mdogo wake wa kike aliyekuwa na homa. Mtoto alitetemeka sana. Mama alipika maharagi, akamlisha, halafu akamwingizia mbabula chumbani apate joto, akaziba dirisha kwa gunia. Asubuhi mdogo wake hakuamka. Hewa ya makala ilikuwa imemuua.

"Ni miye nilifungaka mulango," aliniambia. Kisha akaendelea kuchambua maharagi.

Sasa mama amezeeka, anakaa kwangu, na akili yake inavuja kama kikapu kilichotoboka. Kwanza alisahau majina ya wajukuu, halafu njia ya kanisa. Mwaka huu, baridi ilipoanza, nilimkuta ameshika mbabula kwa waya wake, moto umewaka, anaiburuza kuelekea chumbani kwake.

Nilimnyang'anya. Alikasirika kweli. Akasema anasikia baridi, na ni mtoto gani anayemnyima mama yake moto. Nikamwambia yeye mwenyewe ndiye aliyetukataza maisha yetu yote.

"Miye? Juu ya nini?"

Nilimtazama usoni. Hakuwa anajifanya. Jibu lilikuwa mdomoni mwangu, na lingemnyamazisha papo hapo. Lakini kama ningelitoa, angefiwa na mdogo wake upya hapo uani, na kesho akiuliza tena, angefiwa tena. Mzigo aliokuwa nao tangu usichana ulikuwa umemponyoka wenyewe. Mimi ni nani nimtwike tena?

"Tutakula huku inje, mama," nilimwambia.

Alinisonya, akaniita mtu wa roho ngumu. Haya. Nilimkalisha kwenye kiti, nikamfunga mablanketi mawili na shali langu, nikamletea maharagi na bukari. Alikula polepole, ameinamia mvuke, na hasira ikamtoka. Kabla hajamaliza akanishika mkono.

"Umubakishie mudogo yangu kidogo. Akitoka ku masomo atasikia njala."

Niliumia, na papo hapo nilifurahi kwa ajili yake, sijui nisemeje. Nilichota maharagi kwenye bakuli, pamoja na mfupa wenye nyama, nikafunika kwa sahani. Mama alitazama mpaka nimemaliza, akaridhika.

Halafu nikachukua ndoo, nikamwaga maji juu ya makala. Alishtuka, akasema ni hasara gani hiyo, makala bado mazuri.

"Nani alikufundishaka kufanya vile?"

Niliyagusa kwa kidole. Yalikuwa yamepoa. Nikamjibu kwamba sikumbuki.