Ufunguo Uliofukizwa Udi

Siku ya harusi ya dada yangu niliufukiza udi ufunguo wa gari. Nilikusudia kufukiza kanzu, lakini ufunguo ulikuwa mfukoni, umetulia humo kama mtu anayewaamini watu wake.

Habari hii husimuliwa kwa namna nyingi hapa kwetu Wawi, na katika zote mimi ni mjinga. Nitakuwa mjinga katika hii pia.

Gari lilikuwa la baba. Tangu dada hajui hata kujifunga ushungi, baba alikuwa akimwambia, "Siku yako n'takupeleka mwenyewe." Baba akafariki, gari likabaki, na ufunguo wake mmoja ukabaki: rimoti nyeusi, ya aina isiyochomekwa popote. Ukiwa nayo mfukoni gari linakujua, unabonyeza kitufe, linawaka. Lilipokuja kutoka Japani lilikuja na rimoti hiyo moja tu. Kila alipohimizwa atengeneze ya pili, baba alijibu, "Ya pili ya nini, na dereva mmoja?"

Posa ilipokubaliwa, dada aliomba jambo moja. Hakuomba ukumbi wala gauni la kukodi kutoka Unguja. Alisema, "Utanipeleka wewe, kwa gari la baba."

Mimi ni mwandishi wa riwaya. Riwaya yangu imesomwa na marafiki zangu, ambao nao wanaandika riwaya, nami nimezisoma zao. Ndivyo tunavyoishi. Mtu wa namna hii huwezi kumpa safari ya saa moja kutoka Wawi mpaka Wete ukatarajia ataiendesha tu. Nilikuwa nimekwisha kuiandika kichwani. Nilijua hata kona nitakapopunguza mwendo, pale mikarafuu inapoachana na bonde likaonekana lote, nimgeukie kidogo na kumwambia: "Dada, leo barabara hii inakushona kutoka kitambaa kimoja kwenda kingine."

Neno "inakushona" lilikuwa likinisumbua. Sindano inachoma, na harusi haifai kuchoma. Nilikuwa nimesimama mbele ya chetezo nikitafuta neno jingine, kanzu imetandazwa juu ya kichanja cha fito, moshi wa udi unapita ndani yake taratibu. Mfuko wenye rimoti ulikuwa mzito, ukaning'inia. Ukashuka mpaka kwenye makaa. Mimi nilikuwa kwenye "inakufuma".

"Nani anachoma ndara?" shangazi aliuliza kutoka uani.

Nilipoichomoa kanzu, mfuko ulikuwa na tundu na rimoti imekuwa donge, vitufe vyake vimezama kama macho ya mtu aliyelala. Nilikimbia nalo mpaka kwenye gari nikavuta mlango. Gari halikunijua.

Mwanamke anayeamua mambo katika ukoo wetu ni shangazi, dada wa baba. Alilishika donge, akalinusa, akanitazama.

"Ule udi niliounga kwa marashi na sukari, siku tatu nauangalia, wewe umeuchanganya na hiki?"

"Shangazi, hakuna ufunguo mwengine."

"Basi bi harusi atapanda gari la mjomba wako. Magari yako matano pale nje."

Nikasema yuko fundi Wete mwenye mashine ya kuprogramu funguo za namna hii. Heri nisingelisema. Fundi yule ni mtoto wa ami yake bwana harusi.

"Weee!" shangazi akajishika kiuno. "Harusi hii sisi ndio wenye kuwacheka wao. Tumewacheka tangu siku ya posa walipokuja na sinia limepasuka. Sasa umwite mtu wao aje aone ulivyokaanga ufunguo? Kabla gari halijawaka Wete nzima itakuwa imesikia."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia, chumbani alikokaa dada na mikono yake ya hina ameinyoosha mbele kama vitu vya kuazima.

"Mwiteni. Nao wacheke. Mimi natoka kwa gari la baba na kaka yangu, au kesho mtanikuta papa hapa."

Shangazi akatoa hukumu: watu wakitoka msikitini Alasiri na gari halijawaka, bi harusi atapanda gari la mjomba, apende asipende, maana huko kwa mume hawafikishwi maharusi gizani.

Fundi alipopigiwa simu alikuja upesi mno. Alikuwa amekwisha kuvaa kwa harusi, kanzu na koti, na mkoba wa mashine begani. Alisimama uani akavuta pumzi kwa pua.

"Shemegi, udi huu wa wapi? Mbona kama una ndoo ya plastiki ndani?"

Wanawake waliokuwa wakipanga vyombo wakacheka. Wa kwetu hao.

Alilivunja donge kwa nyundo ya kupondea barafu, akatoa ndani yake ufunguo mdogo wa chuma uliokuwa umefichwa humo, ambao miaka yote sikujua kama upo. "Nyama imeungua, mfupa umesalimika," akasema, akauingiza mlangoni na kuuzungusha. Mlango ukafunguka na gari likapiga kelele za mwizi. Honi, taa, kila kitu. Ndani ya nyumba walidhani gari limewaka; vigelegele vikalipuka, mtu akaanza kupiga ngoma. Fundi akafungua boneti achomoe fyuzi ya honi huku akipunga mkono, na kadiri alivyopunga ndivyo walivyozidisha.

Kimya kilipopatikana tuliingia sote wawili. Akachomeka waya wa mashine kwenye tundu lililo chini ya usukani, akaweka mapajani rimoti mpya aliyokuja nayo.

"Sasa tusikilizane," akasema. "Kwanza gari lisahau ufunguo wa zamani. Halafu nilifundishe huu mpya. Linataka milango ifungwe na watu watulie."

"Lisahau?"

"Lisahau."

"Kwa hiyo linamsahau baba."

"Linaisahau rimoti, shemegi. Marehemu hayumo kwenye kompyuta."

Lakini mimi nilikwisha kuguswa. Kile kiti kilikuwa bado na umbo lake. Taa ndogo nyekundu ya dashibodi ilikuwa ikimeta na kuzima, nikaona kuwa gari linamuaga, na kwamba hapa pana sura nzima ya kitabu. Machozi yalikuwa karibu. Sikutaka mtu wa upande wa bwana harusi anione, basi nikafungua mlango nitoke.

Mashine ikalia.

Fundi alifumba macho. "Shemegi. N'lisemaje?"

"Milango ifungwe."

"Tunaanza mwanzo."

Tulianza mwanzo. Jasho lilinitoka mpaka kanzu ya pili, ambayo haikuwa na udi kabisa, ikanata mgongoni. Adhana ya Alasiri ikasikika. Kupitia kioo nilimwona shangazi amesimama barazani, mikono nyuma, na mjomba pembeni akifuta gari lake kwa kitambaa. Nyuma ya pazia la dirisha la chumbani palikuwa na kivuli ambacho hakikusogea. Sikutafuta neno la kukielezea. Nilikaa mikono mapajani kama mtoto wa chuoni mbele ya mwalimu wa Kurani, nikamwomba Mungu kwa maneno ya kawaida kabisa.

Watu walikuwa wanaanza kutoka msikitini fundi aliponiambia, "Bonyeza." Nilibonyeza. Gari likawaka.

Safari hii vigelegele vilikuwa na haki. Lakini dada alipotolewa chumbani, amefunikwa, fundi alisimama mbele ya mlango wa gari akakunja mikono.

Kwetu bwana harusi akiingia kwa mkewe chumbani huzuiwa mlangoni na wanawake wa upande wa bibi, wala haingii mpaka atoe kifungua mlango. Wanawake wetu walikuwa wamejiandaa kumkamua bwana wa watu.

"Leo mlango nimefungua mie," fundi akasema. "Kifungua mlango changu kiko wapi?"

Shangazi alimtazama, akatazama msafara uliokuwa ukingoja. "Sema utakacho."

"Huu ufunguo nitaushika mwenyewe mpaka Wete. Nikimpa huyu ataukaanga tena."

Basi ndivyo tulivyokwenda. Mimi nikashika usukani. Fundi akakaa kando yangu, rimoti mkononi ameiinua kidogo, kama mshumaa. Dada na shangazi nyuma. Gari lote lilinuka udi na kiatu kilichoungua.

Tulipofika ile kona, mikarafuu ikaachana na bonde likafunguka, la kijani, bora kuliko nilivyoliandika. Nikapunguza mwendo. Nikageuka.

"Dada," nikasema.

"Shemegi, tazama mbele," akasema fundi.

Nyuma yangu sauti ndogo ilitoka chini ya shuka. Nilidhani kilio. Ilikuwa kicheko, cha kubanwa kwanza, halafu kikamshinda.

"Lia, mwanangu," shangazi alimnong'oneza. "Bi harusi hacheki njiani. Tunakaribia, watu watakuona."

"Siwezi, shangazi. Mtazame fundi alivyoushika ufunguo."

Alicheka mpaka Wete. Gari liliposimama mbele ya nyumba yao alipenyeza mkono wenye hina katikati ya viti.

"Ule wa baba uko wapi?"

Nilimpa vipande, vimefungwa kwenye leso. Alivitia kwenye mkoba wake.

"Nikigombana na mume wangu nitamwonyesha," akasema, "ajue wehu si kwao tu."

Kisha mlango ukafunguliwa kutoka nje, akateremsha mguu mmoja, akaushika mkono wangu ulioachia usukani, na hapo ndipo alipolia. Shangazi, aliyekuwa akimbembeleza alie tangu kule konani, akaanza kumbembeleza anyamaze.