Siku Mama Mkwe Aliposukuma Lori

Aibu hii ningekwenda nayo kaburini, lakini hapa Kamina bado wapo wanaoicheka, basi afadhali muisikie kwangu mimi mwenye kosa.

Wakati wa vita, miaka ya tisini ikielekea kuisha, nilikuwa mkuu wa usafirishaji kwa mfanyabiashara mmoja wa mahindi. Mazutu (yaani dizeli) ilikuwa adimu kuliko dawa, nami nikaweka sheria mbili nilizozihubiri kama mchungaji: lori haliondoki bila kujaa, na likisimama, hata dakika moja, injini izimwe. Usiku nililala boharini nikilinda mapipa, hadi mke wangu, Mama Ngoy, akachoka akarudi kwao Kabongo.

Miezi ikapita, mama yake akakubali kumrudisha mwenyewe, nami nikaenda na lori kuwachukua. Mtu mwenye akili angeondoka nao asubuhi ileile. Mimi nikawakalisha siku mbili juu ya magunia nikingoja lori lijae mahindi na abiria. (Kwetu mama mkwe humgusi wala humtazami usoni, kwa hiyo sikuona amekunja uso namna gani.)

Hatukufika mbali. Kwenye daraja la miti shofa (dereva) wetu, Kasongo, alisimama tulikague.

"Shefu, batri iko mubaya. Niache motere itembee?"

"Zima! Mazutu iko mayi ya mutoni?"

Akazima motere, yaani injini. Tulipolikagua daraja na kurudi, injini ikagoma kabisa. Abiria wote wakashuka kusukuma, akina mama na watoto mgongoni, na mimi nikasukuma macho nimeyafumba kwa nguvu, na nilipoyafumbua, bega lililobanana na langu lilikuwa la mama mkwe.

"Yoo! Mukwe na mukwe!" watu wakapiga kelele.

Injini ikashika, lori likavuka, likapanda ng'ambo, tukalikimbilia tukihema, tukalikuta limesimama kimya.

"Kasongo! Juu ya nini umezima?"

"Shefu, njo ile sheria yako mwenyewe. Gari ikisimama, zima."

Kuna mtu alicheka hadi akakaa chini. Mama mkwe, kitenge chake matope hadi kiunoni, akamgeukia binti yake, lakini kwa sauti ya kunifikia (hata hasira yake ilikuwa na adabu):

"Mwanangu, huyu muntu anahurumia mazutu kuliko bantu. Shusha mizigo."

Mama Ngoy hakucheka. "Baba Ngoy, siku mbili juu ya magunia, hukuniuliza hata kama niko na njaa." Akajitwika sanduku, wakarudi Kabongo kwa miguu.

Sisi tukasukuma tena, tukafika Kamina na mazutu ya kutosha ndani ya tangi, na bosi akanisifu mbele ya wenzangu wote. Sikujua niuweke wapi uso wangu.

Wiki iliyofuata nilifunga mbuzi nyuma ya baiskeli (mbuzi wa kuosha aibu ya kumgusa mkwe), nikapiga pedali siku nne. Mama mkwe alimpokea mbuzi, si mimi. Mama Ngoy alinisikiliza nikikiri, akasema nitangoja hadi yeye awe tayari. Nilingoja wiki tatu, nikichota maji na kuchekwa na mashemeji, ndipo akafunga sanduku.

Kubana mazutu si kosa, hata leo nawaambia vijana. Ila tangu wakati ule siwashi gari kabla sijamuuliza kila abiria kama amekula. Mke wangu husema nilichelewa kujifunza.